Fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila mara, niweke kubwa zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Taa ndogo za nyuma zilikuwa zinazimika pamoja na za dashibodi, nikiangalia fyuzi ya ampea 15 nakuta imeungua. Mpya ilikaa siku mbili tatu, na mara nyingine iliungua palepale nilipofunga mlango wa nyuma. Fundi wa mtaani ameweka ya 30, anasema gari limezeeka kwa hiyo taa zinakula umeme mwingi. Sasa haiungui, ila usiku nasikia harufu ya plastiki. Je, ninunue betri kubwa?

JIBU: Marahaba. Betri iache, haihusiki. Kabla hujasoma zaidi nenda kaitoe hiyo fyuzi ya 30, ile ya kijani, hata kama taa zitakaa zimezima. Harufu unayoisikia ni ngozi ya waya inayoiva.

Hii habari ya gari kuzeeka likaanza kula umeme naletewa karibu kila wiki, na inaniudhi kwa sababu hesabu ya kuikanusha ni ya darasani. Balbu ya wati 5 ni ya wati 5 gari likiwa jipya na likiwa na miaka ishirini na tano. Tuseme una nne nyuma, mbili mbele na mbili za kumulika namba. Jumla wati 40. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 3 na kitu. Ongeza vitaa vya dashibodi, bado hufiki 5. Fyuzi ya 15 ilikuwa imeshaacha nafasi mara tatu ya hapo. Ikiungua, haijazidiwa na taa. Kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, yaani shoti, na fyuzi imefanya kazi iliyowekewa.

Wengi wanadhani fyuzi inalinda taa. Inalinda waya. Waliotengeneza gari waliangalia unene wa waya, wakachagua 15. Ukiweka 30, waya ni uleule mwembamba, lakini sasa shoti inaweza kuvuta ampea 20 na zaidi kwa muda mrefu bila kitu kukatika. Kitakachokatika ni waya wenyewe, baada ya kuyeyusha wenzake waliofungwa nao kwenye fungu moja, chini ya zulia usipopaona. Nimewahi kufungua gari la namna hiyo. Nyaya za taa, za breki na za pampu ya mafuta zilikuwa zimegandamana kama nta. Mwenyewe alikuja akilalamika kwamba redio haiwaki.

Kwako pa kuanzia ulishapataja: mlango wa nyuma. Kati ya paa na mlango kuna mrija wa mpira, ndani yake zinapita nyaya za taa za namba, za waipa na vinginevyo. Kila ukifungua na kufunga zinakunjwa, na baada ya miaka ngozi inapasuka. Vuta mpira huo, kunja waya mmoja mmoja kwa vidole. Ulipopasuka utauona. Usiuvishe solotepu tu. Kata kipande kilichochoka, unga kipya cha unene uleule, chomelea kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa moto.

Usipouona hapo, toa balbu zote za taa ndogo, mbele na nyuma, kisha mahali pa fyuzi unga balbu ya breki ya wati 21, washa swichi ya taa. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Tikisa nyaya sehemu kwa sehemu, na itakapozima au kupepesa ndipo pa kufungua. Balbu hiyo haipitishi hata ampea 2, kwa hiyo utatafuta siku nzima bila kuunguza kitu wala kumaliza pakiti ya fyuzi. Kwa kuwa uko pwani, angalia na soketi za balbu. Chumvi ya hewani inazijaza kutu ya kijani.

Na wengine mnaosoma, fungueni sanduku la fyuzi leo. Ya bluu ni 15, nyekundu ni 10, njano 20, kijani 30. Linganisheni na namba zilizochapwa kwenye mfuniko wake. Mkikuta karatasi ya pakiti ya sigara au uzi wa kopa umezungushwa, aliyeuweka hakutengeneza chochote, ameondoa kinga akachukua hela. Hao hao ndio wanaofunga vitaa vya mapambo kwa kudandia waya wa taa ndogo, na wanaoweka balbu za wati 100 kwenye taa kubwa zilizotengenezwa kwa 55 na 60, halafu soketi zikiyeyuka wanasema gari la zamani. Fundi akikwambia fyuzi ni ndogo, mwombe akuonyeshe waya uliochubuka. Asipokuwa nao, usimlipe.

Wewe wa Tanga, mpaka waya upatikane tembea mchana tu, na nafasi ya fyuzi ibaki tupu. Ukishaunga rudisha ile ya bluu. Kisha fungua zulia la nyuma ufuate fungu la nyaya mpaka mbele, maana kwa harufu uliyoisikia, huenda kuna zaidi ya waya mmoja ulioiva.