Asili na maana ya jina Geneviève

Ndugu, umeuliza asili ya jina Geneviève, mnalotaka kumpa binti yenu. Ni jina la kale la Ufaransa, kwa Kilatini Genovefa, na wengi hulifasiri kuwa “mwanamke wa ukoo”, ingawa wapo wanaolihusisha na lugha ya Wagali, wenyeji wa kale wa Ufaransa. Heshima yake inatokana na mtakatifu mlinzi wa Paris, ambaye mwaka 451, Attila, mfalme wa Wahunni, alipokaribia na jeshi lake, aliwasihi wakazi wasiukimbie mji, na ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Januari. Huko Ufaransa lilipendwa sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20; leo watoto wachache hupewa. Wakatoliki wa Tanzania husema Genoveva, umbo ninaloliona tamu zaidi mdomoni, ila mkichagua la Kifaransa, msisahau alama juu ya e ya tatu.