Kwa wageni wa karakana ya baiskeli za mlimani

Kila wanapoingia wafanyakazi wapya karakanani, mazungumzo ni yale yale. Foki inayocheza milimita 160 ina raha kuliko ya 140. Kaboni ni nyepesi. Gia za umeme ndiyo mambo yote. Halafu huyo huyo anayeyasema anapulizia cheni mafuta ya kopo huku gurudumu la nyuma limefungwa, diski ya breki iko wazi karibu kabisa na mdomo wa kopo, na ukungu wote wa mafuta unaishia juu yake. Jana nimemwona tena mmoja akifanya hivyo, kijana mzuri, mwenye mikono myepesi na sikio zuri la gia. Nimemnyang'anya kopo, nimempa pedi mpya akafunge, na jioni nimekaa kuandika haya ili kesho nisiyaseme kwa kelele.

Sitawaeleza habu ni nini wala cheni inafungwaje. Hayo mnayajua, la sivyo msingekuwa hapa.

1. Chungulieni baiskeli za mafundi wenyewe

Msianze na katalogi. Nendeni kule nyuma ambako mafundi wa siku nyingi hutundika baiskeli zao, mzikague polepole. Fremu nyingi ni za alumini, zimechubuka, rangi imeliwa pale nyaya zinaposugua. Gia ni za daraja la kati. Lakini tairi la mbele lina meno makali, pedi ni nene, gripu ni mpya, siti inashuka kwa kitufe cha kwenye hendeli, na diski ya mbele ni ya milimita 200 au 203 hata kama kiwandani baiskeli ilitoka na ya 180. Hawa ni watu wanaoweza kuagiza karibu chochote kwa bei ya duka, na hivi ndivyo walivyochagua. Pesa yao wameiweka pale baiskeli inapogusa ardhi na pale inapomgusa mpandaji.

Gia za daraja la kati si ubahili. Kaseti (rundo la meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma) za juu hupunguzwa uzito kwa kuchonga meno makubwa kwa alumini, na alumini huliwa upesi na cheni yenye mchanga. Za daraja la kati ni chuma zaidi, ni nzito, na zinavumilia. Ukitaka gia ziingie kwa usafi, badilisha kwanza kibonyezo cha kwenye hendeli kabla ya kugusa kibadili gia cha nyuma, maana kidole ndicho kinachohisi tofauti.

Tairi nalo lina akili yake. Mbele weka mpira laini unaong'ang'ania, nyuma mpira mgumu kidogo unaoviringika upesi. Nyuma ikiteleza unaweza kuirudisha kwa kiuno. Mbele ikiteleza, uko chini kabla hujajua. Kwa hiyo mteja akiingia akisema anataka baiskeli mpya kwa sababu ya sasa haishiki kona, usimpeleke kwenye baiskeli za kuuza. Inama, shika meno ya pembeni ya tairi lake la mbele kwa kidole. Mara nyingi yamepasuka kwenye shina, yanalala ukiyabonyeza. Muuzie tairi, mfungie, mwache aende. Siku atakapohitaji baiskeli kweli, atakuja kwako.

2. Upepo, jamani, upepo

Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa kile tairi linaweza kubeba. Haikuambii ujaze mpaka hapo. Nawaona mnajaza mpaka tairi linalia likigongwa, mnamkabidhi mteja, na mteja anarudi akisema shokapu ni mbovu. Shokapu haina neno. Tairi gumu haliwezi kulala juu ya jiwe, linarushwa juu yake, na kila linaporushwa halishiki, halisukumi, wala halisimami. Kwenye lami tairi gumu huonekana lina kasi. Kwenye mizizi na kokoto ni kinyume chake.

Kwa mtu wa kilo 75, tairi za upana wa inchi 2.4 zisizo na tyubu, anza na psi (kipimo cha presha ya upepo) 22 mbele na 25 nyuma, kisha mpeleke akapande. Akisikia rimu inagonga jiwe, ongeza moja. Akisikia mikono inatetemeka mpaka kwenye meno, punguza moja. Moja tu kwa wakati. Tumia kipimo kile kile kila siku, kwa sababu vipimo viwili havipatani hata vikiwa vya kampuni moja, na ninyi mnatafuta tofauti ndogo. Kidole gumba si kipimo.

Maji ya kuziba pancha hukauka ndani ya tairi baada ya miezi michache, upesi zaidi penye joto. Toa gurudumu, litikise karibu na sikio. Usiposikia kitu kikicheza ndani, ongeza.

3. Mafuta ya breki

Hapa nitakaa. Kuna breki zinazotumia DOT (mafuta ya aina ya breki za gari) na kuna zinazotumia mafuta ya madini. Mnajua. Hata kijana ninayetaka kuwasimulia alijua, na ungemuuliza angekujibu bila kufikiri.

Aliletewa baiskeli ya kutoa upepo kwenye breki ya mbele. Mpini ulikuwa unaingia mpaka unagusa gripu. Juu ya benchi kulikuwa na bomba la sindano lenye mafuta mekundu ya madini yaliyobaki kwenye kazi ya asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, mwenye baiskeli amesimama mlangoni na helmeti mkononi. Kifuniko cha kisima cha mafuta, kwenye mpini wenyewe, kilikuwa kimeandikwa DOT 5.1 kwa herufi ndogo, na juu ya herufi hizo palikuwa na tope lililokauka. Tope hilo hakulifuta. Akalichukua bomba lililokuwa karibu.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba siku ile ile halijioneshi. Breki ilijaa, mpini ukakaza vizuri, akazungusha gurudumu, akabonyeza, likasimama kama ukuta. Mteja akalipa, akaondoka akiwa ameridhika. Lakini sili za breki za DOT kwa kawaida hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, na mpira huo ukikutana na mafuta ya madini huyanyonya na kuvimba. Hauvimbi kwa dakika kumi. Huenda polepole, huku mtu anaendelea na maisha yake akiamini ana breki.

Mara ya kwanza mteja alipanda salama. Iliyofuata, mpini ukaanza kurudi kwa uvivu. Sili zilikuwa zimezibana pistoni, pistoni hazirudi ndani, pedi zinabaki zimelalia diski. Kwenye kupanda mlima alidhani amechoka tu. Kwenye mteremko mrefu diski ikapata moto mpaka ikageuka rangi ya samawati, na gurudumu la mbele likaanza kujifunga bila yeye kubonyeza kitu. Namshukuru Mungu kwamba yule bwana hakuwa na kiburi. Alisimama pale pale, akaibeba baiskeli begani, akashuka mlima wote kwa miguu.

Alipoileta, kijana ndiye aliyekuwa mbele. Alifuta tope kwa kidole gumba, akasoma, akabaki ameshika mpini bila kusema neno. Kisha, kabla hajaulizwa na mtu, akasema: "Kaka, ni mimi. Niliweka mafuta siyo." Akaeleza yote, bomba, foleni, tope, hakuacha kitu. Mteja alikuwa amekuja na hasira yake tayari, na maneno yale yalimfanya avute kiti akae.

Ilibidi kubadilisha mpini, mrija wa mafuta, kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), pedi na diski. Sili zilizovimba hazirudi hali yake hata uoshe mfumo mara ngapi. Duka lililipa. Ila kilichoniuma mimi hakikuwa vifaa. Ni kumwona mtu aliyekuwa akituletea baiskeli zake miaka nenda rudi anakabidhiwa breki mpya kabisa, halafu anazibonyeza, anaachia, anabonyeza tena, huku anamtazama fundi usoni. Hilo lilichukua muda mrefu kupona kuliko breki. Kijana yule sasa ndiye ninayempa baiskeli yangu nikiwa na safari ya milima mikubwa, na hapangi bomba moja karibu na jingine. Lakini sitaki kila mmoja wenu afike huko kwa njia aliyopita yeye.

Basi: futa kifuniko, soma, sema kwa sauti ulichosoma, ndipo ushike bomba. Mabomba ya DOT yana kabati lao na ya madini yana lao, na vitambaa vyao vilevile. DOT hula rangi ya fremu, ikidondoka ioshe kwa maji mara moja. DOT pia hunyonya unyevu wa hewani, na ikishanyonya huchemka mapema, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi muda mrefu haina kazi tena kwenye breki ya mtu.

Na mkishafunga pedi mpya, zizoesheni diski kabla ya kumkabidhi mwenye mali: kasi ya wastani, funga breki mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia mara 20, kisha mara 10 kwa kasi zaidi, bila kulifunga gurudumu kabisa. Pedi iliyokunywa mafuta tupa. Usiichome, usiipige msasa, usimdanganye mtu. Diski inasafishika kwa alkoholi, pedi haisafishiki.

Breki ndizo zilizosumbua mchezo huu tangu mwanzo. Mwaka 1976, akina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly waliposhindana kushuka mteremko wa Repack karibu na mlima Tamalpais, California, baiskeli zao za zamani zilikuwa na breki ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma. Grisi iliungua humo, moshi ukatoka, na baada ya kushuka habu ikabidi ifunguliwe ipakwe grisi upya. Leo mna diski, pistoni nne na pedi za kila aina. Kuchanganya mafuta ni kuutupa utajiri huo wote.

4. Shokapu

Sagi, yaani sehemu ya mwendo wa shokapu inayozama kwa uzito wa mpandaji, hupimwa mtu akiwa amevaa kila atakachobeba, pamoja na mkoba wa maji, amesimama kwenye pedali. Nyuma asilimia 25 hadi 30, mbele 15 hadi 20. Vuta mpira wa alama mpaka kwenye sili, apande taratibu bila kuruka, ashuke taratibu, pima. Andika namba kwenye kadi umpe, maana miezi sita ijayo atakuwa amesahau na wewe pia.

5. Haya nayasema mara moja

Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kugeuza kinyume, na kila kundi jipya hutuharibia krenki (mkono wa pedali) moja kwa kusahau hilo. Kaza boliti ya juu ya stemu (shingo inayoshika hendeli) kwanza, zile za pembeni baadaye. Kaboni hupakwa pasta yake, si grisi. Boliti ikiandikwa 5 Nm, chukua spana ya torki. Cheni ya gia 12 ibadilishwe ikifika 0.5 kwenye kipimo cha uchakavu wa cheni, ukingoja zaidi itaondoka na kaseti. Maji ya presha yasielekezwe kwenye beringi. Kishikizo cha kibadili gia mteja awe nacho cha akiba mkobani, kwa sababu kimetengenezwa kipinde ili fremu isipinde, na porini hakuna duka.

6. Pandeni

Fundi asiyepanda hukisia. Wateja watawauliza habari za Whistler kule Kanada na za Moab kule Utah, Marekani, hasa Slickrock, ile njia ya mwamba iliyowekwa alama mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki na baadaye baiskeli zikaichukua. Ni mahali pa ajabu, mwamba unashika tairi mpaka unapanda miinuko ambayo ukiitazama unakataa. Lakini waulizeni wenye duka wanapanda wapi wakifunga kazi. Watawatajia kizunguko kifupi kisicho na jina kubwa: kupanda kidogo, mizizi, kona yenye mawe yaliyolegea, mteremko. Wanakipenda kwa sababu wanakijua jiwe kwa jiwe. Ukibadilisha tairi au kupunguza upepo psi moja, njia hiyo itakuambia, kwa kuwa kila kitu kingine ni kile kile cha juzi. Mimi tairi jipya silisifii kwa mteja mpaka nimelipitisha kwenye ile kona ya mawe, kavu na mbichi.

Nendeni na mteja mpya pia, ila msimpeleke mnakopenda ninyi. Muulize amepanda muda gani na alianguka wapi mara ya mwisho. Njia zenye alama ya duara la kijani zipo kwa ajili yake, na almasi nyeusi itamngoja. Mwambie ashushe siti kabla ya mteremko, afunge breki kabla ya kona badala ya ndani yake, na atazame anakotokea badala ya jiwe analoliogopa. Anayepanda mlima ana haki ya njia, anayeshuka ndiye anayesimama. Njia ikiwa bado imelowa na tairi linaacha mtaro nyuma yenu, geuzeni mrudi, hata kama mmeendesha gari saa nzima kufika hapo.