Maswali na majibu: bajeti ya serikali wakati wa mdororo

Swali: Kwa nini wachumi, pamoja na modeli zao zote, yaani mifano ya kihesabu ya uchumi, hawakuuona mgogoro wa fedha wa mwaka 2008 ukija?

Jibu: Modeli kuu zilizotegemewa wakati ule hazikuzipa benki za biashara nafasi ya maana, na jambo lisiloingizwa katika hesabu haliwezi kujitokeza katika jibu.

Swali: Familia hubana matumizi kipato kikipungua. Serikali inashindwa nini?

Jibu: Matumizi ya serikali ni kipato cha watu wengine: mwalimu aliyepunguzwa kazini huacha kununua, mwenye duka hukosa mauzo, na kodi ya wote wawili haifiki hazina.

Swali: Modeli ikikosea, mwananchi wa kawaida anadhurika vipi?

Jibu: Itazame Ugiriki, iliyoanza kukata bajeti mwaka 2010 kwa masharti ya mikopo. Watabiri wa nchi tajiri kwa jumla walichukulia kwamba kila euro 1 inayokatwa ingepunguza pato la taifa kwa takriban senti 50. Lakini Oktoba 2012 Shirika la Fedha la Kimataifa lilieleza katika ripoti yake kwamba, tangu mdororo uanze, upungufu halisi ulikuwa kati ya senti 90 na euro 1.70. Kufikia mwaka 2013 pato la Ugiriki lilikuwa limeporomoka kwa takriban robo, zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira, na deni, ingawa wadai binafsi walisamehe sehemu yake mwaka 2012, lilikuwa kubwa zaidi kwa kulinganishwa na pato kuliko mwanzoni. Kwa hiyo waziri akisema kwamba hesabu zimemlazimisha kukata, adaiwe aonyeshe alichokichukulia kuwa kweli kabla ya kuzipiga.

Swali: Je, deni likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi huacha kukua?

Jibu: Hapana. Dai hilo lilienea kutokana na utafiti wa wachumi Reinhart na Rogoff wa mwaka 2010. Mwaka 2013 Thomas Herndon na wenzake walionyesha kwamba fomula ya jedwali lao iliziruka nchi 5 na kwamba wastani ulipigwa kwa namna yenye kasoro. Baada ya marekebisho, wastani wa ukuaji wa nchi zenye deni kubwa hivyo, uliokuwa asilimia -0.1, uligeuka kuwa 2.2.

Swali: Ikibidi kukata, ianzwe wapi?

Jibu: Modeli haiwezi kukuchagulia atakayeumia, huo ni uamuzi wa kisiasa na wabunge waubebe hadharani. Ninachopinga ni desturi ya kuanza na ujenzi na matengenezo kwa kuwa havina wa kuvitetea, ilhali vibarua wanaopoteza kazi hizo hawana akiba ya kuwavusha hadi uchumi uinuke.