Maswali na majibu: testi imefeli, jina lake nani na kosa lake nini?

Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja: testi (kode inayokagua kode nyingine) imefeli usiku kwenye seva, na asubuhi logi, yaani kumbukumbu ya seva, inasema tu kwamba kuna moja iliyofeli. Nimechagua chache, kila moja na komini ya Lubumbashi ilikotoka.

*Yaya, natumia JUnit 5, maktaba ya testi za Java. Ndani ya @AfterEach (metodi ya usafishaji inayoendeshwa baada ya kila testi) nataka kuandika jina la testi iliyomalizika. Nalipata wapi? (Kampemba)*

Hapohapo, mdogo wangu. Weka TestInfo kama kigezo cha metodi hiyo, JUnit itakuletea yenyewe, kisha uite getDisplayName(). Kama testi inarudiwa kwa data tofauti, jina litakuja kama "[2] 2800, USD" na hutajua ni la metodi gani, kwa hiyo chukua na getTestMethod().

*Jina nimelipata, lakini eksepsheni, yaani kosa lenyewe lililorushwa, siioni. (Yuleyule wa Kampemba)*

Hutaiona, maana TestInfo haijui testi imeishaje. Andika klasi ya AfterTestExecutionCallback, uisajili kwa @ExtendWith, na ndani yake uite context.getExecutionException(). Testi ikipita, hurudi tupu. Ikifeli, unapata eksepsheni nzima hadi mstari ilipotokea. Kinachonipendeza ni wakati wake: inaitwa kabla ya @AfterEach, hifadhidata ikiwa bado haijafutwa, basi unaweza kuandika na data zilizokuwemo. TestWatcher, njia nyingine ya JUnit, nayo hukupa kosa, ila baada ya usafishaji wote kwisha. Kwa ripoti inafaa. Kwa kuchungulia data umechelewa.

Tuseme una testi ya faktura iliyotolewa saa sita na nusu usiku hapa Lubumbashi. Kwenye mashini yako inapita, kwenye seva inafeli. Logi yenye jina na kosa itakuambia: fakturaYaUsiku, ilitarajiwa 2024-03-01, imekuja 2024-02-29. Hapo huhitaji kuota. Seva imewekwa majira ya Africa/Kinshasa, saa moja nyuma yetu, na kule ilikuwa bado saa tano na nusu usiku wa jana. Taja Africa/Lubumbashi ndani ya kode, usiiachie mashini ichague. (Mashini ya Kifaransa nayo ina yake: String.format ya Java itakuandikia 12,50 mahali ulipotarajia 12.50.)

*Sisi ni watu wa C#. Na sisi je? (Katuba)*

C# ina maktaba za testi kama NUnit na MSTest. Wa NUnit hamna shida. Kwenye [TearDown], metodi ya usafishaji baada ya testi, TestContext.CurrentContext ina Test.FullName, Result.Outcome.Status, Result.Message na Result.StackTrace. Ni maandishi matupu, lakini kwa logi yanatosha. MSTest ina TestName na CurrentTestOutcome tangu zamani. Eksepsheni yenyewe, TestException, imeletwa na matoleo ya karibuni. Mliobaki na toleo la zamani, wengi husikiliza tukio la AppDomain liitwalo FirstChanceException na kushika eksepsheni ya mwisho. Mimi silipendi sana: hulia kwa kila eksepsheni inayorushwa, hata ile ambayo kode yenu inaidaka vizuri sekunde hiyohiyo. Mkilitumia, hakikisheni kwanza kwamba testi imefeli kweli.

*Shefu anataka kila testi tuizungushie try/catch, tuandike kosa, basi. (Kamalondo)*

Mwambie shefu kwa heshima kwamba mkiidaka eksepsheni msiirushe tena, testi zote zitakuwa kijani, hata zilizooza. Na mkiirusha katika C#, andikeni throw, peke yake. Mkiandika throw ex, mnafuta njia ya kosa lilikotoka.

*Python: setUp (maandalizi ya testi) ikifeli, tearDown (usafishaji) yangu haiandiki kitu. (Ruashi)*

Haiitwi kabisa, unittest, maktaba ya testi ya Python, ndivyo ilivyo. Tumia addCleanup mwanzoni mwa setUp, yenyewe huendeshwa hata hivyo. Jina ni self.id().

*Na usafishaji wenyewe ukirusha eksepsheni? (Kenya)*

JUnit 5 huitunza eksepsheni ya kwanza, ile ya testi, na kuiambatanishia ya pili, ile ya usafishaji, kwa hiyo chapisha na getSuppressed(). Ila kama usafishaji umeuandika mwenyewe ndani ya finally (sehemu ya try inayoendeshwa kila mara), ile ya pili itaimeza ya kwanza, nawe utashinda siku nzima ukimlaumu aliyefunga faili. Zungushia usafishaji huo try yake, kosa lake liende kwenye logi, lisitoke nje.