Google imezifikia kanga zangu, mbona haizionyeshi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina duka la kanga Tanga, na tovuti yangu ya WooCommerce (programu ya duka la mtandaoni) ina kurasa 140. Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, inasema zilizoorodheshwa kwenye Google ni 31 tu. Kati ya 109 zilizobaki, 58 ni za kanga zile zile kwa rangi nyingine (imeziita mbadala zenye canonical sahihi, yaani alama inayotaja anwani kuu), 6 zina noindex (alama ya kuiambia Google isiuorodheshe ukurasa), na 45 zimetembelewa ila bado hazijaorodheshwa. Fundi anataka shilingi 300,000 azisafishe zote, na zile 58 azifunge kwa robots.txt (faili la maagizo kwa roboti zinazosoma tovuti). Nimlipe?
Muuza kanga, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitoe hela kwanza. Ukurasa kutoorodheshwa si lazima uwe na hitilafu.

Hizo 58 ziache kama zilivyo. Google imechukua anwani kuu ya kila kanga na kuziacha za rangi nyingine, ndivyo inavyotakiwa. Robots.txt huzuia Googlebot, roboti ya Google inayosoma kurasa, kuingia kwenye ukurasa, haizuii anwani kuorodheshwa. Akizifunga, Googlebot haitaisoma tena hiyo canonical, na anwani tupu zinaweza kujitokeza kwenye matokeo bila maelezo yoyote. Inaniuma kuona mtu anadaiwa fedha kwa kazi ya kumharibia.

Zile 6 zifungue uone ni zipi. WooCommerce yenyewe huweka noindex kwenye kikapu, malipo na akaunti ya mteja, na hizo zibaki hivyo. Ukikuta ukurasa wa kanga humo, ondoa noindex.

Kazi ipo kwenye zile 45. Googlebot imefika, imesoma, ikaona hakuna cha kuweka. Nimezipitia chache: picha moja, bei, na maneno “Kanga nzuri, karibuni wateja”, kila ukurasa vilevile. Jina la kanga limo ndani ya picha tu! Na mteja anatafuta jina. Anaandika “kanga wema hauozi”, wala hajui duka lako linaitwaje. Basi liandike jina kwa herufi, kwenye kichwa cha ukurasa. Eleza rangi ya mji na ya pindo, kitambaa ni pamba tupu au kimechanganywa, bei ni ya doti au ya pande moja, na watu huinunua kwa shughuli gani: arusi, arobaini, zawadi ya mzazi. Wewe unayajua haya kuliko fundi yeyote. Kisha kila kanga iwe na kiungo kutoka ukurasa wa mbele au wa aina yake, isiwe imejificha kwenye ramani ya tovuti (faili la kuorodhesha kurasa kwa ajili ya Google) peke yake.

Anza na zinazotoka sana dukani. Ombi la kuorodheshwa litume kupitia Search Console mara moja kwa kila ukurasa uliourekebisha. Kulirudia kila siku hakuharakishi chochote. Ukishazimaliza zote 45, bonyeza kitufe cha kuthibitisha marekebisho kwenye mstari wao humo humo Search Console, na ukaguzi ukichukua wiki mbili au zaidi, ni kawaida.