Meli Ikizima Katikati ya Bahari: Maswali Yenu Sita

Tangu nitaje kwenye safu hii kwamba nilikula mkate wa bahari kwa miaka tisa, nikiwa dawati la mapokezi kwenye meli za kitalii, maswali hayakatiki. Karibu yote yanazunguka jambo moja: meli imeharibika au safari imefutwa, abiria wamechachamaa, sasa nani alipe? Nimechukua sita.

Meli hizi zina injini tano, sita. Inakuwaje moja ikiungua, meli nzima inazima mpaka vyoo? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu kwenye nyingi kati ya meli hizi injini hazizungushi pangaboi moja kwa moja. Zinafua umeme, na umeme huo ndio unaosukuma meli, unaopika, unaopoza kabini na, naam, unaovuta uchafu vyooni. Choo cha meli si cha kumwagia maji kwa kopo. Kinanyonya kwa pampu, na pampu ikilala, ulichoweka utakikuta.

Mfano unaojulikana zaidi ni Carnival Triumph. Iling'oa nanga Galveston, Texas, tarehe 7 Februari 2013, safari ya siku nne kwenda Cozumel, Mexico, na kurudi. Watu zaidi ya 4,200 ndani, abiria na mabaharia pamoja. Alfajiri ya tarehe 10 mafuta yalivuja kwenye mpira wa jenereta moja, yakagusa mahali pa moto, chumba kikawaka. Moto ulizimwa na hakuna aliyeumia vibaya, lakini umeme wa kusukuma meli haukurudi. Ilielea Ghuba ya Mexico, kisha ikavutwa na tagi mpaka Mobile, Alabama, ikafika usiku wa tarehe 14. Siku hizo zote watu walilala sitahani chini ya mahema ya mashuka, wakapewa mifuko myekundu ya plastiki wajisaidie humo. Kisha walipopakiwa mabasi kurudishwa kwao, basi moja likaharibika njiani. Kuna siku huwa hivyo.

Jenereta ya dharura ipo, lakini kazi yake ni taa za njiani, mawasiliano na vifaa vya kuokolea. Haibebi majiko wala viyoyozi vya watu elfu nne. Meli kubwa za abiria zilizoanza kujengwa kuanzia tarehe 1 Julai 2010 zinatakiwa na sheria ya kimataifa ziweze kurudi bandarini zenyewe hata chumba kimoja cha injini kikiungua, vyoo na chakula vikiendelea. Triumph ilikuwa ya 1999, haikuguswa na sheria hiyo. Hata hivyo upya si kinga. Viking Sky ilijengwa 2017, na Machi 2019 ilizima mbele ya miamba ya Norway, bahari imechafuka. Mafuta ya kulainisha injini yalikuwa machache matangini, meli ilipoyumba pampu zikavuta hewa. Watu 479 waliondolewa kwa helikopta, mmoja mmoja, wananing'inia kwenye kamba.

Mimi iliwahi kunipata mara moja, kwa muda wa saa kumi na moja tu, sitaji meli. Kinachomshtua baharia kwanza si giza, ni ukimya. Ule mvumo wa viyoyozi unaoishi nao hadi unausahau unakatika, na ghafla unasikia kijiko kikianguka ukumbi wa chakula, hatua hamsini kutoka ulipo. Baada ya dakika kumi foleni ilikuwa imefika kwenye lifti. Wengi walitaka kujua lini umeme utarudi, na mimi nilikuwa na karatasi yenye sentensi moja ya kuwasomea: mafundi wanashughulikia hitilafu ndogo. Nilipoisoma mara ya thelathini nilikuwa naona haya. Kisha akaja mzee mmoja na ndara zake, hakuuliza lini. Aliweka kiboksi juu ya dawati akasema, "Insulini yangu ilikuwa kwenye friji ya kabini." Zahanati ya meli ile ilikuwa na friji inayokula umeme wa dharura, nikamchukulia. Kwa hiyo wewe mwenye dawa ya baridi, siku ya kwanza tu uliza zahanati kama wanaweza kukutunzia. Usingoje giza.

Abiria wakigoma kushuka, inasaidia? (Msomaji, Nairobi)

Inategemea meli iko wapi. Januari 2006, meli ya Queen Mary 2 iligonga ukingo wa mkondo ikitoka Fort Lauderdale, Florida, kifaa kimoja cha kusukumia kikaharibika. Ikaweza kwenda, ila kwa mwendo wa kujikongoja, na ili iwahi Rio de Janeiro ikaziruka bandari tatu: Barbados, St Kitts na Salvador. Kampuni ikatoa nusu ya nauli. Abiria wakasema wakifika Rio hawashuki. Wengi hawakuudhiwa sana na ile pangaboi. Waliudhika kwamba waliambiwa wakati nchi kavu imeshapotea nyuma, hakuna tena pa kuamulia kushuka. Kampuni ikarudisha nauli yote.

Kwa nini ilifaulu? Rio palikuwa na abiria wengine na mabegi yao wanangoja kabini zilezile. Meli isiyoweza kupakia inapoteza fedha kila saa, na kampuni ilikuwa inajua hesabu hiyo kuliko walalamikaji. Wale walikuwa wazee wenye adabu, wamekaa wanakunywa chai, na bado walishinda.

Mkiwa katikati ya bahari hamna kitu cha kushikia. Nahodha ana mamlaka ya kumfungia kabini mtu anayehatarisha usalama, na hakuna pa kwenda kushitaki hadi mfike. Na tafadhali, yule kijana wa dawatini msimtukane. Simtetei kwa kuwa nilikuwa yeye. Hana ufunguo wa hazina. Mwombe jambo moja tu: aandike malalamiko yako na muda uliyoyaleta, kisha ipige picha karatasi hiyo kwa simu. Nimeona watu wamepiga kelele siku nne wakarudi nyumbani mikono mitupu, na mama mmoja mpole mwenye picha sita akalipwa.

Yamewahi kutokea huku kwetu, au ni ya Marekani tu? (Msomaji, Mtwara)

Bahari yetu hii hii. Tarehe 27 Februari 2012, Costa Allegra ilikuwa inatoka Madagascar kwenda Mahé, Shelisheli, na watu zaidi ya 1,000. Moto chumba cha jenereta, umeme ukafa. Kumbuka ilikuwa wiki sita tu tangu Costa Concordia, ya kampuni hiyohiyo, ipinduke Italia na kuua watu 32, kwa hiyo jina hilo peke yake lilitosha kuwatia abiria baridi. Na miaka hiyo maharamia wa Kisomali walikuwa wanafika mpaka huko. Meli ilikuwa na walinzi wa kijeshi wa Kiitalia ndani.

Aliyewafikia kwanza ni wavuvi. Meli ya Kifaransa ya kuvua jodari, Trevignon, ilitupa kamba ikaivuta. Kabini zilikuwa tanuri, watu wakahamia viti vya sitahani wakalala nje, helikopta zikawaletea mikate na tochi. Tarehe 1 Machi walikuwa Mahé. Hapo kampuni ikafanya jambo ambalo mimi naliona la akili: pamoja na fidia, ikawaambia anayetaka abaki Shelisheli amalizie likizo kwa gharama ya kampuni. Zaidi ya nusu wakabaki. Mtu aliyelala sitahani siku tatu na jasho lake, ukimpa kitanda, maji ya kuoga na ufuo, hasira inapoa nusu kabla hujafika kwenye hesabu. Meli yenyewe haikubeba tena abiria, ilipelekwa kukatwa chuma chakavu.

Ninatembeza wageni Mji Mkongwe. Meli imepita bila kusimama, nimeshalipia gari nne na chakula cha watu thelathini. Nani ananilipa? (Msomaji, Unguja)

Ndugu yangu, pengine hakuna, na ninasikitika kukuambia. Mkataba wa tiketi wa karibu kampuni zote unampa nahodha ruhusa ya kuruka bandari kwa sababu ya hali ya hewa, hitilafu au usalama. Abiria hurudishiwa ushuru wa bandari, na kama alinunua matembezi kwa meli yenyewe, fedha zake zinarudi. Aliyenunua matembezi kwako kwa mtandao ni shauri lenu wawili.

Kwa hiyo chukua amana isiyorudishwa, walau ikutoshe gari na mchele, na uiandike wazi kabla hajalipa. Halafu jenga urafiki na wakala wa meli pale bandarini. Habari ya meli kuruka humfikia yeye kabla yako, na saa sita za kujua mapema ndizo zinazoamua kama yule kuku amechinjwa au bado.

Shangazi yangu yuko Toronto, anataka kuuza nyumba ahamie kwenye meli inayozunguka dunia miaka mitatu. Nimkataze? (Msomaji, Dar es Salaam)

Shangazi hakatazwi, anaulizwa maswali. La kwanza: meli ipo? Sina maana ya picha. Kampuni ya Life at Sea ilitangaza safari ya miaka mitatu kuanzia Istanbul tarehe 1 Novemba 2023, bei kuanzia karibu dola 30,000 kwa mwaka. Watu waliuza nyumba, wengine wameshafika Istanbul na mabegi. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, ikafutwa: meli waliyokusudia, AIDAaura, ilikuwa haijanunuliwa, na kampuni nyingine ikaichukua. Warudishiwe fedha? Kwa mafungu, waliambiwa.

La pili: ina umri gani? Meli ya Villa Vie Odyssey ilikuwepo kweli, ila ni ya 1993. Ilikwenda Belfast kutengenezwa usukani na giaboksi, abiria wakawasili Mei 2024 wakidhani ni siku chache, wakakaa hadi mwisho wa Septemba. Mchana waliruhusiwa kuingia melini kula na kupumzika, usiku warudi hotelini. Wawili walichumbiana humohumo. Lakini hao walikuwa na akiba ya kungojea. Mwulize shangazi akikwama miezi minne ana pa kulala, na akisema "kwa binti yangu", mwulize binti pia.

La tatu ni la sheria. Kwa safari zinazopakia abiria Marekani, tangu 2022 tume yao ya safari za majini imeweka wazi: safari ikifutwa, au kupanda kukicheleweshwa siku tatu au zaidi na wewe ukaamua kutopanda, unarudishiwa fedha zako. Inayoanzia Istanbul haina kivuli hicho. Asome bandari ya kuanzia kabla ya kusoma orodha ya mabwawa ya kuogelea.

Kijana wangu ni mpishi kwenye meli ya kitalii. Safari zikifutwa, analala njaa? (Mama, Likoni)

Mama, shikamoo. Abiria hulalamika kwa sababu likizo imeharibika. Kijana wako hiyo ndiyo kazi, na kwenye Triumph hata abiria waliokasirika kupita kiasi waliwasifu mabaharia, maana ndio waliozoa uchafu ule. Mshahara wake unatokana na mkataba, haufi kwa sababu abiria hawapo. Bahashishi ndiyo inakufa, na kwa wahudumu wa meza na kabini hiyo ni sehemu kubwa ya kipato. Mpishi anaumia kidogo tu.

Kampuni ikivunja mkataba kabla ya muda, nauli ya kumrudisha Mombasa ni juu yao. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unasema hivyo. Wakimtelekeza, yaani akikaa miezi miwili bila mshahara, au akiachwa bila chakula au bila njia ya kurudi, meli inatakiwa iwe na bima inayolipa mpaka mishahara ya miezi minne. Cheti cha bima hiyo lazima kibandikwe mahali mabaharia wanapokiona. Mwambie kesho akienda kula akitafute kwenye ubao wa matangazo, akipige picha, akutumie wewe. Na mdogo wake akitaka kumfuata, wakala akidai ada ya kumtafutia kazi, asilipe. Gharama zake ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari, basi.