Mvinyo mwekundu haupozwi? Nani kasema?

SWALI: Habari mtaalamu. Shemeji yangu aliniletea chupa mbili za Cahors, mvinyo mwekundu kutoka Ufaransa. Moja niliifungua saa nzima kabla ya chakula ili ipumue, nikaiacha mezani kwa kuwa mvinyo mwekundu haupozwi. Tulikuwa na samaki wa kupaka. Mdomo ulikauka, koo likawaka, na samaki akaacha ladha ya chuma. Rafiki yangu anasema umechacha, ile ya pili niichanganye na soda. Ni kweli? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Soda iache dukani. Mvinyo uliochacha hunuka siki, na ulioharibiwa na kizibo hunuka kama gazeti lililolowa. Wewe hukutaja harufu yoyote. Uliouonja ni ukakasi, kama ule wa bibo, unaoshika fizi na kuukwaruza ulimi. Unatokana na tanini za maganda na kokwa za zabibu, na Cahors ndivyo ulivyo. Kanuni za eneo lile la bonde la mto Lot zinataka angalau asilimia 70 ya zabibu iwe Malbec, aina ya zabibu nyeusi yenye tanini nyingi. Si bure zamani uliitwa mvinyo mweusi.

Sasa hilo la “haupozwi”. Nalisikia kila wiki, tena kutoka kwa watu wanaolipwa kushauri wateja. Wanasema mvinyo mwekundu ni wa joto la chumba. Chumba cha nani? Msemo huo ulizaliwa katika nyumba za mawe za Ulaya, kabla ya mitambo ya kupasha nyumba joto. Chupa ilitoka ghala la chini ya ardhi, nyuzi 12 hivi, ikapandishwa chumbani ifike 16 hadi 18. Sebule ya Dar mwezi wa Februari ina nyuzi 30 na ushee! Hapo kileo hutangulia puani, harufu ya plamu na zabibu kavu ikafunikwa, koo likaungua. Na pilipili ya kwenye kupaka ikaongeza moto.

Ile ya pili iweke friji kama dakika 45, au kwenye ndoo ya maji na barafu kwa robo saa. Usizidishe, maana baridi kali huukaza ukakasi. Barafu ndani ya glasi usinitajie kabisa. Na kuiacha chupa ipumue kwa kung'oa kizibo tu ni kazi bure. Hewa itaingilia wapi kwenye tundu la upana wa sarafu? Mimina wote kwenye jagi la kioo, uache saa moja mahali pa baridi.

Samaki mwache. Chuma kilichomo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki, ndiyo ile ladha mliyoipata. Kwao Cahors hunywewa pamoja na nyama ya bata aliyepikwa kwenye mafuta yake, au kondoo. Wewe tafuta mbavu za mbuzi za kuchoma, zenye mafuta na chumvi ya kutosha. Onja funda moja bila chakula kwanza, lizungushe mpaka fizi zikaze. Kisha tafuna kipande cha nyama, unywe tena. Tanini itashikana na nyama badala ya mate yako, na ladha ya tunda itajitokeza.

Kuna na hawa wauzaji wanaokupimia ubora kwa kina cha shimo la kitako cha chupa, au kwa michirizi inayoteremka kwenye glasi. Michirizi ni kileo na sukari, basi. Shimo halikuambii kitu. Wakati wanakuhubiria hayo, chupa zenyewe zimesimama dirishani zinapigwa jua tangu asubuhi, nao wanakutoza bei ya sikukuu. Joto huupika mvinyo, ukatoka na ladha ya jemu, na hakuna friji itakayouponya. Kabla ya kulipa, papasa kichwa cha chupa: kizibo kikiwa kimevimba kuelekea nje, au pembeni pananata, irudishe rafuni.